Zimebaki Gramu 200

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini mwenzetu aliyekuwa akituandalia mashindano ya vitendawili hajaonekana tangu muhula uanze. Alijifungua mwezi wa saba, mtoto wa kiume, akaomba ruhusa ya muhula mmoja. Kwa idhini yake, na kwa sharti kwamba tusitaje jina lake wala la mwanawe, tulikwenda kumtembelea nyumbani kwao Matrah. Alituonya tangu mlangoni kwamba hataki makala ya huruma. "Andikeni tunavyoishi," alisema. "Watu wanadhani tumekaa tu tunangoja siku ya oparesheni. Hatukai."

Mtoto amezaliwa na mpasuko wa mdomo wa juu upande wa kushoto, na mpasuko huo umepita kwenye ufizi hadi ndani ya kaakaa. Mitaani hali hii huitwa mdomo sungura, jina ambalo bibi yake amelipiga marufuku nyumba nzima, nasi baada ya kulitaja mara hii moja tunaitii amri yake. Si jambo la nadra kama watu wanavyofikiri. Duniani, katika kila watoto 700 hivi wanaozaliwa, mmoja huja nayo. Hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo ya mimba, wakati pande mbili za uso na za kaakaa zinapotakiwa kukutana na kushikana, zisishikane. Mara nyingi haipatikani sababu moja ya kunyooshea kidole.

Wageni waliokuja ndani ya arubaini, hata hivyo, walikuwa nazo sababu tele. Mmoja alitaja kijicho, mwingine kisu ambacho mama alikishika usiku akiwa mjamzito, wa tatu akauliza kama wazazi ni ndugu. "Kila mtu kaja na halua na sababu yake," Bibi alituambia huku akitumiminia kahawa. "Halua tumekula."

Kutoka juu ya paa lao unaiona Bandari ya Sultan Qaboos yote: majahazi upande mmoja, gati za meli kubwa upande wa pili, na Kornishi ikipinda katikati kuelekea sokoni. Bibi alihamia hapa kutoka Unguja miaka ya sabini, bandari ikiwa bado mpya, ilifunguliwa 1974. Kwa miaka 40 ndiyo iliyopokea shehena za Maskati. Mwisho wa Agosti 2014 makontena na mizigo ikahamishiwa Sohar, na bandari ikaachiwa utalii. Babake mtoto anakula kwa mabadiliko hayo. Ana gari, na huwachukua wageni wanaoshuka melini kuwapeleka Nizwa au msikitini au popote watakapo, kisha huwarudisha kabla meli haijang'oa nanga. Meli hizo huja majira ya baridi, kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Kiangazi, joto likipita nyuzi 40, hakuna mtalii. Kwa hiyo riziki ya miezi 12 hutafutwa katika miezi saba, na mtoto huyu atakuwa tayari kwa upasuaji wake wa kwanza hasa pale msimu unapofunguka.

Atakuwa tayari lini? Tulidhani daktari huangalia kalenda. Kumbe huangalia mizani. Tangu miaka ya 1960 madaktari wamekuwa na kanuni rahisi ya kumi tatu kwa upasuaji wa mdomo: mtoto awe na umri wa wiki 10, uzito wa ratili 10, yaani kilo 4.5 hivi, na damu yake iwe na himoglobini gramu 10 kwa kila desilita. Hospitali nyingi bado huanzia hapo. Wiki na damu kijana wetu anazo. Alizaliwa na kilo 2.9, akashuka kwanza, akapanda polepole, na siku tulipofika, akiwa wiki ya 12, alikuwa na kilo 4.3. Zimebaki gramu 200.

Mtoto wa umri huu akiwa mzima huongeza gramu 20 au 30 kwa siku, kwa hiyo mtu anaweza kusema ni suala la siku kumi tu. Lakini wiki iliyopita alipata mafua, na kwa wiki nzima akaongeza gramu 40. Mafua yana ubaya mara mbili, kwani mtoto mwenye kikohozi hapewi dawa ya usingizi. Uchunguzi wa kabla ya upasuaji ni baada ya wiki mbili, na upasuaji wenyewe mwisho wa Oktoba. Asipofikisha, nafasi atapewa mtoto mwingine naye atarudi kwenye foleni.

Ndiyo maana nyumba hii inaendeshwa kwa mililita. Kaakaa likiwa na tundu, mtoto hawezi kuvuta. Anajaribu kunyonya, hewa inaingia kwa njia ya pua, na maziwa nayo yanatokea puani. Mama hukamua maziwa yake, kisha mtoto hunyweshwa kwa chupa laini inayobinywa kidogo kidogo, kwa kufuata mezo yake. Hukalishwa wima, chuchu ikielekezwa upande usio na mpasuko, na hucheulishwa kila baada ya muda mfupi kwa sababu humeza hewa nyingi. Mlo mmoja usipite nusu saa, la sivyo anatumia nguvu nyingi kuliko anazoingiza. Mara nane kwa siku. Mama anashika zamu ya asubuhi, Bibi kuanzia alasiri, na baba kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri, siku isiyokuwa na meli. Juu ya jokofu limelala daftari ambalo kurasa zake za mwanzo ni mofolojia ya kitenzi cha Kiswahili, na zinazofuata zote ni saa na mililita. Tulilipekua, viambishi viliishia ukurasa wa 19.

Ugomvi mkubwa wa nyumba, maana upo, ni kuhusu tarehe. Mwisho wa Oktoba zinatarajiwa meli mbili katika wiki moja. Bibi alipendekeza waahirishe mpaka Mei: msimu utakuwa umekwisha, baba atakuwa nyumbani, na mtoto atakuwa mnene. Si wazo la kipuuzi, na tuliposikia tuliliafiki kimoyomoyo. Mama hakukubali hata kidogo. Nyuma ya upasuaji wa mdomo kuna wa kaakaa, na huo una miadi na jambo lisilosubiri msimu: mtoto kuanza kusema.

Hapo sisi wa chama cha Kiswahili tulitega masikio. Kaakaa laini, lile la nyuma, ndilo linaloinuka na kuifunga njia ya pua tunapotamka p, b, t, d, k, g, s, f na ch. Sauti hizo zinahitaji hewa ibanwe kinywani. Likiwa na tundu, hewa inavuja. Sauti za m, n, ny na ng' hazidhuriki sana, kwani kazi yake ni kupita puani. Kwa hiyo neno "mama" liko salama, na neno "baba" linatoka "mama". Babake anasema alicheka sana alipoelezwa hivyo. Halafu akauliza ni lini hasa kaakaa litashonwa. Si yeye peke yake aliye hatarini: kaka, dada, bibi, babu, wote wananing'inia kwenye kaakaa moja.

Mtoto asiyeweza kubana hewa kinywani hatulii. Hutafuta mahali pengine pa kuibana, na mara nyingi huwa kooni. Badala ya k unasikia mkato kama hamza, na pengine sauti ya koromeo iliyo karibu na ain. Tabia hiyo ikikomaa ni ngumu kuiondoa hata baada ya tundu kuzibwa. Na katika nyumba ya Maskati jambo linapata utata wake, maana hamza na ain ni sauti halali za Kiarabu. Anayemsikiliza itabidi ajue kwanza mtoto anazungumza lugha ipi ndipo aseme amekosea.

Jamaa mmoja aliwashauri waache Kiswahili, mtoto alelewe kwa Kiarabu kitupu asije akachanganyikiwa. Wataalamu wa matamshi hawaziambii familia kuacha lugha ya nyumbani, na mwenzetu alijibu kwamba hawezi kumbembeleza mwanawe kwa lugha asiyoiota. Tuliona amejibu vizuri.

Alitusomea pia utafiti uliotoka 2023. Watoto 558 katika vituo 23 vya Ulaya na Amerika ya Kusini waligawanywa: nusu wafanyiwe upasuaji wa kaakaa wakiwa na miezi 6, nusu miezi 12. Walipofika miaka mitano, waliobaki na udhaifu wa kufunga njia ya pua walikuwa asilimia 8.9 katika kundi la kwanza na 15 katika la pili. Watoto wale walikuwa na mpasuko wa kaakaa tu, bila mdomo, kwa hiyo haumhusu kijana wetu moja kwa moja. Hata hivyo ameuchapisha na kuuweka kwenye faili la kumwonyesha daktari. Anachotaka ni kaakaa lishonwe kabla mtoto hajatimiza mwaka. Mdomo ukisogezwa Mei, kila kitu kinasogea.

Bibi amekubali, kwa shingo upande kwanza, kisha kwa moyo. Alitusimulia mzee mmoja wa mtaani kwao Unguja, fundi hodari wa kushona kofia, aliyekuwa akizungumza na wateja huku amefunika mdomo kwa kiganja. Hakufanyiwa upasuaji maisha yake yote. Siku hizi hata huko mambo ni mengine: CCBRT ya Dar es Salaam huwashona watoto kama hawa, na taasisi ya Smile Train, iliyoanzishwa 1999, huwagharimia madaktari wa nchi zenyewe waifanye kazi hiyo. Hapa Oman, Hospitali ya Khoula pale Mina al Fahal ndiyo inayojulikana kwa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na si mbali na Matrah.

Hayataisha kwa mara mbili. Masikio yatapimwa mara kwa mara, kwani watoto hawa hujaa majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio. Kati ya miaka 8 na 11 huenda akawekewa mfupa kwenye ufizi, kwa kawaida unaotolewa kwenye nyonga yake mwenyewe, kabla chonge halijatoka. Bibi, ambaye ana miaka 70, alihesabu kwa tasbihi akasema mfupa utamkuta na 80, inshallah. Kisha akatuonyesha mikono miwili ya kitambaa kigumu aliyoishona kwa kanga kuukuu, ya kumzuia mtoto asijikune nyuzi, kama daktari ataruhusu.

Baba amempa ndugu yake zile meli mbili za Oktoba. "Meli zitarudi," alisema, akaenda kulala kabla ya zamu yake. Mama anampiga mtoto picha kila siku akicheka, kicheko kipana kinachofika puani. Anajua hakitarudi baada ya kushonwa, na anasema tayari anakionea uchungu.

Sisi tulichangia kitu kidogo: orodha ya maneno mepesi ya kumsemesha, yenye p, t, k, s na ch. Papai, taa, kuku, sisi, chai. Bibi alifuta "pipi" akaandika "papa", maana mtoto wa Matrah lazima amjue papa kabla ya pipi. Maneno ya ch yametupungukia. Mwenzetu anaomba mwenye mengine ampelekee Jumatatu jioni, baada ya kutoka kupima.