Mchezo wa akina mama nao una PhD?

Niko Eldoret kwa masomo, na kila nikirudi nyumbani Mombasa naulizwa, "Huko bara wasomea nini?" Nikijibu kwamba natafiti vikundi, watu hucheka. Mama mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza, "Mwanangu, hata mchezo wetu huu nao una PhD?"

Unayo, na hata tuzo ipo. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kina tawi la 49, linaloshughulikia saikolojia ya vikundi. Tawi hilo hutoa tuzo ya tasnifu bora ya uzamifu ya mwaka, yenye jina la Richard Moreland, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh.

Kazi ya Moreland mwenyewe yatuonyesha elimu hii ni ya namna gani. Mwaka 1995, yeye na wenzake Diane Wei Liang na Linda Argote walichapisha jaribio moja. Wanafunzi walifundishwa kuunganisha redio, baadhi wakiwa watatu watatu, wengine kila mtu peke yake. Baada ya wiki moja wote walipimwa wakiwa watatu watatu. Waliojifunza pamoja walikumbuka zaidi na kukosea kidogo, kwa kuwa kila mmoja alishajua mwenziwe ni hodari wa nini.

Sasa tazama mchezo. Yuko anayeshika pesa, yuko anayekumbuka zamu, na yuko anayetumwa kuzungumza na aliyechelewa bila kumvunjia heshima. Hayo hayakuandikwa popote, lakini kila mwanachama anayajua. Hilo ndilo swali la tasnifu.

Faida yake si ya makaratasi tu. Hapa Eldoret kuna AMPATH, ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na vyuo vya ng'ambo. Watafiti wake walifuatilia watu 2,890 wenye matatizo ya presha au sukari, katika vituo 24 vya afya magharibi mwa Kenya. Baadhi walipata matibabu ya kawaida, wengine vikundi vya akiba, wengine walihudumiwa kwa vikundi, na wengine wakapata yote mawili. Matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba baada ya mwaka, presha ilishuka zaidi kwa waliopata yote mawili kuliko kwa wa matibabu ya kawaida.

Pwani nayo imeshaandikiwa. Kitabu cha Margaret Strobel cha 1979 juu ya wanawake wa Mombasa, chenye habari za vyama vya lelemama, kilitokana na tasnifu yake, na mwaka 1980 kilipata Tuzo ya Herskovits. Hiyo ni historia, si saikolojia, lakini funzo ni moja: mgeni alikuja akauliza, na wenye majibu walikuwa mama na nyanya zetu.

Vijana wetu wa vyuoni huona haya kuuliza mambo ya barazani kwao, wakidhani elimu iko mbali. Mimi pia nilikuwa hivyo. Wakati huo wazee wanaondoka na wanayoyajua.

Nilipomweleza yule mama haya yote, hakuuliza habari za tuzo. Alisema, "Basi ukimaliza, uje utusomee. Na kwa Kiswahili." Nimemuahidi.