Lebo ya dumu la alizeti: ulipie nini, uache nini

Anayekamua alizeti Balangdalalu, wilayani Hanang mkoani Manyara, na kuwauzia majirani mafuta kwa dumu hahitaji lebo. Mnunuzi anamjua, anajua mashine yake, hata shamba ilikotoka mbegu huenda analijua. Akitaka mafuta hayohayo yakae kwenye rafu ya duka la Babati au Arusha, hapo anamuuzia mtu asiyemfahamu, na lebo ndiyo itakayomsemea. Lazima ioneshe jina la bidhaa, viambato, ujazo halisi, jina na anwani ya mzalishaji, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tangu Julai 2019 masuala ya usalama wa chakula yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na mjasiriamali mdogo huanza safari hiyo kwa barua ya utambulisho kutoka Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO).

Wengi wakifika hatua hii hukimbilia kununua printa. Nadhani wanaanzia mwisho. Cha kwanza ni kujiuliza habari za kwenye lebo zitatoka wapi. Tayari unaandika mahali fulani umekamua lini, magunia mangapi, yametoka madumu mangapi ya lita 5 na mangapi ya lita 20. Kama lebo haisomi kutoka hapohapo, kuna mtu atakuwa anaandika tarehe upya kila asubuhi, na siku moja atasahau kuibadilisha. Bechi ya Alhamisi itatoka na tarehe ya Jumanne, na stoo hakuna atakayejua.

Hilo si jambo dogo kwa mkoa wa Manyara. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na chakula kilichohusishwa zaidi ni mahindi. Anayefungasha sembe au karanga Hanang aukumbuke mwaka huo anapopanga bajeti ya lebo. Namba ya bechi ikiwa sahihi, unarudisha mifuko ya siku moja. Isipokuwa sahihi, unarudisha kila kitu, au unaacha kibaya kiendelee kuliwa.

Sasa tuje kwenye gharama. Tenganisha yanayobadilika na yasiyobadilika. Jina, nembo, viambato, anwani na hata msimbomilia, yaani bakodi, havibadiliki kwa bidhaa ya ujazo uleule. Kinachobadilika ni bechi na tarehe mbili. Kwa hiyo lebo ya rangi ichapishwe kiwandani kwa wingi, ikiwa na nafasi nyeupe, kisha wewe ujaze nafasi hiyo kwa printa ndogo ya rangi nyeusi. Printa za kuchapa lebo nzima kwa rangi zipo, lakini kwa mzalishaji wa kijijini sioni sababu ya kubeba bei yake na ya wino wake.

Printa ndogo nazo ziko za aina mbili. Ya kwanza huunguza karatasi maalumu bila wino, kama risiti ya mashine ya EFD. Ni rahisi kununua, na zile za Bluetooth zinazotumia simu zimejaa madukani. Lakini karatasi yake huchukia joto, jua na mafuta, na lebo yako itaishi katikati ya vyote vitatu. Ya pili hutumia riboni, utepe wenye wino mkavu unaoyeyushwa kwa joto ukashika kwenye lebo. Kwa mafuta ya kula chagua hii, lebo iwe ya plastiki na riboni iwe ya rezini. Riboni ya nta ni nafuu, ila ukiipitishia kidole chenye mafuta tarehe inafutika.

Riboni ina hesabu ambayo muuzaji huwa haisemi. Kwenye printa hizi ndogo, utepe husogea pamoja na lebo kwa urefu wake wote, hata kama umechapa mstari mmoja tu. Chukua lebo ya urefu wa milimita 50 yenye pengo la milimita 3. Riboni ya mita 74, inayotumika kwenye mashine kama Zebra ZD220, itatoa lebo zipatazo 1,390. Ukichapa tarehe kwenye kistika cha pembeni cha milimita 15, riboni ileile itatoa zaidi ya 4,000. Akiba ni kubwa. Hata hivyo mimi ningechapa kwenye lebo kuu: kistika cha tarehe kinabanduka, na mnunuzi makini akikiona juu ya lebo huanza kujiuliza chini yake kuna nini. Kwa katoni ya nje, kistika kinatosha kabisa.

Bei ya printa yenyewe igawanye kwa lebo. Tuseme, kwa mfano tu, umeinunua kwa shilingi 900,000 na utaitumia miaka mitatu. Ukichapa lebo 500 kwa mwezi, ni lebo 18,000, na kila moja imebeba shilingi 50 za mashine. Ukichapa 100 kwa mwezi, kila moja imebeba shilingi 250, kabla ya karatasi na riboni. Wa lebo 100 kwa mwezi anunue muhuri wa tarehe wenye wino usiofutika, aweke daftari la bechi, afunge hesabu. Programu ya kompyuta haitamsaidia chochote kwa sasa.

Aliyevuka hapo ndiye anayehitaji programu, na hapa bei hutofautiana kwa sababu moja kubwa: uwezo wa kusoma data kutoka nje. ZebraDesigner Essentials ni ya bure, inachora lebo vizuri, ila haisomi jedwali la Excel. Toleo la Professional ndilo linalosoma, na hilo linalipiwa. Zote mbili hufanya kazi na printa za Zebra tu, kwa hiyo ukibadili mashine umebadili na programu. BarTender hukubali printa za kampuni nyingi, na ngazi zake zimepangwa kwa mtindo huohuo: Starter husoma faili za Excel na CSV, Professional huingia kwenye kanzidata, Automation hupokea amri kutoka mifumo mingine ya biashara na kuchapa bila mtu kubofya. Leseni yake huhesabiwa kwa idadi ya printa, na anayepanga kufungua tawi Katesh ahesabu hilo mapema.

Kuna njia ya bure pia. LibreOffice inaweza kuchukua safu za jedwali na kuzimwaga kwenye ukurasa wa lebo. Word nayo hufanya hivyo ukiwa nayo tayari. Inataka uvumilivu kupanga vipimo mara ya kwanza, lakini kwa mwenye bidhaa tatu au nne inatosha.

Ngazi ya juu kabisa, ambapo mauzo, stoo na lebo ni mfumo mmoja, si lazima iwe ya gharama ya kutisha. ERPNext na toleo la Community la Odoo hazina ada ya leseni. Printa za Zebra huelewa ZPL, lugha ya maandishi ya kawaida, hivyo mfumo wowote unaoweza kutuma maandishi unaweza kuamuru lebo itoke. Gharama iko kwa fundi wa kuusimika na kuurudisha ukianguka. Kama fundi huyo yuko Arusha, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwako, weka nauli yake na siku zako za kusubiri kwenye hesabu. Kwa kikundi chenye mashine ya kukamua, ghala na wauzaji watatu inaweza kulipa. Kwa familia moja, hapana.

Wenye programu ya uhasibu kama TallyPrime au QuickBooks wasilipie kiunganishi cha moja kwa moja mpaka wawe wamejaribu njia ya kawaida: kutoa orodha ya bidhaa kama faili la Excel, kisha programu ya lebo isome faili hilo. Kwa bechi moja kwa siku, ni kazi ya dakika chache. Mashine ya EFD iache ibaki peke yake. Hakikisha tu majina na namba za bidhaa ndani yake ni zilezile zilizo kwenye jedwali lako, ili risiti na lebo visipingane.

Jedwali lenyewe lina mitego. Namba za msimbomilia zinazotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620 na zina tarakimu 13. Ukiziandika Excel kama namba za kawaida, zitageuka kuwa 6.2E+12. Fanya safu hiyo iwe maandishi kabla ya kujaza. Sifuri ya mbele ya bechi hupotea kwa ugonjwa huohuo. Tarehe ndiyo mbaya zaidi: kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani husoma 05/07 kama tarehe 7 Mei, nawe ulikusudia 5 Julai. Andika mwezi kwa herufi, 05 JUL, na tatizo limekwisha.

Kwa wafuga nyuki, safu ya ujazo iangaliwe mara mbili. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, wakati lita ya mafuta ya alizeti haifiki kilo moja. Anayedhani lita moja ni kilo moja ataishia kuandika kilo 1 kwenye chupa ya lita 1, akijipunja gramu 400 kila chupa.

Programu za simu zinazokuja na printa za Bluetooth sizipendekezi kwa biashara ya chakula. Nyingi huhifadhi michoro yako ndani ya akaunti yao na hazikupi njia ya kuitoa. Simu ikipotea, unaanza upya. Zile zinazolipiwa kwa mwezi na kufanya kazi kupitia intaneti pekee nazo nisingezichagua, maana mtandao ukikatika siku ya kupakia gari, madumu yatabaki bila tarehe.

Uamuzi wangu kwa mkamuaji wa alizeti wa Balangdalalu anayepita lebo 500 kwa mwezi: lebo ya rangi iliyochapishwa kwa wingi, printa ya riboni ya rezini, programu ya ngazi ya kwanza inayosoma Excel, na leseni ya kununua mara moja ikipatikana. Kabla ya kulipa, nenda dukani na faili lako mwenyewe lenye safu kumi. Mwambie muuzaji azime intaneti, achape zote kumi kwenye lebo ya plastiki, kisha uzisugue kwa kidole ulichochovya kwenye mafuta. Tarehe ikifutika au bechi ikikosewa, rudi na pesa zako.