Anayehamia Kinanie Agosti, Aanze Februari

Kila mwisho wa mwezi, katika njia za vumbi ziachazo barabara kuu ya Mombasa na kuingia Kinanie, huonekana magari ya mizigo, aghalabu kanta zilizofungwa kamba huku na huku, yamebeba makochi yaliyopinduliwa miguu juu, magodoro, jokofu, mtungi wa gesi, na juu ya vyote hivyo kijana mmoja au wawili walioketi kulishikilia kabati lisiteleze. Hizo ni jamaa zinazoihama Nairobi, au Mlolongo, au Syokimau, ambazo baada ya miaka mingi ya kulipa kodi zimeazimia kukaa chini ya paa lisilodaiwa na mtu. Kinanie ni wadi mojawapo katika wadi nne za eneo bunge la Mavoko, kaunti ya Machakos, na kwa kuwa ardhi ya jirani na jiji imekuwa ghali mno kwa mwenye mshahara wa kadiri, tambarare hizi ambazo jana zilikuwa malisho ya ng'ombe na mapito ya wanyama wa mwitu leo zinaota nyumba.

Nimewaona wengi wakifika kwa furaha, na nimewaona baadhi yao, kabla hata mwaka haujatimia, wakiifunga nyumba mpya kwa kufuli na kurudi kupanga mjini. Na kila nilipodadisi sababu, sikusikia hata mara moja kwamba sahani zilivunjika njiani au meza ilikatika mguu. Sababu ilikuwa maji, au njia, au shule ya watoto, au ukiwa. Kwa hiyo nasadiki kwamba maandalizi ya kuhama hufanyika hasa kule mtu aendako, miezi mingi kabla ya siku yenyewe, na kwamba kufunga vyombo, ambako watu wengi hudhani ndiko kuhama, ni kazi ndogo ya siku za mwisho.

Machakos yenyewe inaijua vema habari ya kuhama. Ilikuwa makao ya utawala wa Kiingereza katika sehemu za bara za Kenya kabla Nairobi haijawa mji, hata reli kutoka Mombasa ilipochagua kupita katika tambarare na kuiacha Machakos katika vilima vyake, John Ainsworth aliyekuwa mkuu wa jimbo la Ukamba akayahamisha makao hayo kwenda Nairobi mwaka wa 1899. Serikali ilihama kwa kufuata njia. Leo wajukuu wa wajukuu wa watu wa zama zile wanarudi upande wa Machakos kwa kufuata ardhi, na njia ndiyo wanayoitafuta baadaye.

Kuhusu ardhi nitasema machache, maana yamekwisha semwa sana na bado watu huumia. Mwezi Oktoba 2023, katika Mavoko hii hii, nyumba nyingi zilibomolewa, miongoni mwake zile za ghorofa zilizojengwa kwa akiba ya umri mzima, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ile ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Waliobomolewa hawakuwa wavivu wala wajinga. Wengi walikuwa na karatasi mikononi, lakini karatasi alizokupa muuzaji na daftari la serikali ni vitu viwili mbalimbali. Basi kabla ya kununua hata msumari mmoja, mtu na aende akafanye sachi ya hati katika ofisi ya ardhi, amchukue mpimaji akazioneshe bikoni kwa macho, apate ridhaa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ikiwa shamba ni la kilimo, na ahakikishe kwamba mke au mume wa muuzaji ameridhia kwa saini. Aliyejenga kabla ya hayo hajapata maskani, amejenga juu ya shaka.

Sasa nije kwenye maji, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nusu ya safari nzima. Mtu wa mjini, hata yule ambaye bomba lake hutoa maji kwa zamu, hajui anatumia maji kiasi gani mpaka ayanunue kwa mtungi. Hii ni nchi kame. Mabomba hayajafika kila upande, na wakaazi wengi hutegemea malori ya maji, mikokoteni ya punda, visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine, na mvua ya Mungu. Visima navyo vina mambo yake: maji ya chini ya tambarare hizi aghalabu yana chumvi, na mengine yana floraidi nyingi, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja, kwa kuwa ikizidi huyatia meno ya watoto madoa ya hudhurungi, na kwa muda mrefu huidhuru mifupa pia. Wala asijidanganye mtu kwamba atayachemsha yatakasike, maana moto huyapunguza maji na kuiacha floraidi palepale, hata yale yaliyobaki sufuriani huwa makali kuliko yalivyotoka kisimani. Chupa moja ya maji ya kisima unachokitegemea, ikipelekwa maabara kabla ya kuhama, itakueleza ikiwa ni ya kunywa au ni ya kufulia na kumwagilia tu.

Yabaki maji ya mvua, na hapa hesabu ni rahisi kiasi kwamba inasikitisha kuona jinsi wachache wanavyoifanya. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la mabati la mita 100 za mraba, likipata mvua ya milimita 20 katika usiku mmoja, hutoa karibu lita 2,000, ukiondoa yanayorukia nje na yale ya kwanza yanayoosha vumbi. Jamaa ya watu watano inayojibana kwa mitungi mitano ya lita 20 kila siku italimaliza tangi la lita 10,000 kwa siku 100. Lakini masika hukatika mwisho wa Mei, na vuli haitarajiwi kabla ya katikati ya Oktoba, na baina ya nyakati hizo mbili mna siku zaidi ya 130. Tangi moja basi halitoshi, na anayelijua hilo mapema atanunua la pili, au atatenga fedha za malori ya maji ya Septemba, ilhali asiyelijua ataamka asubuhi moja, watoto wamevaa sare za shule, bomba likakohoa hewa.

Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyenionesha namna anavyolisimamia tangi lake. Kila Jumamosi, kabla ya kufua, huligonga kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kupanda juu, akisikiliza pale mlio mzito unapogeuka kuwa mwepesi, na hapo huweka alama ya chaki pamoja na tarehe. Ubavu wa tangi ule umejaa mistari ya chaki kama daftari, na kwa kuitazama tu anajua ikiwa wiki hii wametumia kwa israfu. Akaniambia, "Mzee akisema maji yapo, mimi hugonga kwanza." Nami namwona kuwa ndiye msimamizi wa kweli wa nyumba ile. Katika jamaa nyingi siku ya kuhama huamuliwa na yule aliyelipia saruji, na hayo hayanipendezi. Ingekuwa insafu zaidi ikiwa ingeamuliwa na yule atakayeamka alfajiri kuyatafuta maji pindi yakikosekana.

Hesabu hiyo ya maji, pamoja na udongo, ndiyo inayotuonesha mwezi wa kuanza. Udongo wa hapa, katika sehemu nyingi, ni ule mweusi unaonata, ambao mvua ikinyesha huvimba na kuwa tope lisilopitika, na jua likiwaka hunywea na kupasuka nyufa za kuweza kumeza mguu wa mbuzi. Kanta iliyosheheni ikikwama katika tope hilo haitoki kwa kusukumwa, na vyombo hushushwa kimoja kimoja na kubebwa kichwani. Kwa hiyo siku za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, hazifai. Likizo ya Desemba huwavutia wengi kwa kuwa mwaka mpya wa shule huanza Januari, lakini mara nyingi njia ingali na tope na mafundi wamekwenda makwao kwa Krismasi. Ubora wa Agosti ni kwamba nchi ni kavu, hewa ni ya baridi, na watoto wako likizo. Lakini anayefika Agosti hukuta mawingu yasiyo na mvua. Tangi lake halitakuwa na kitu ila likiwa lilijazwa na masika yaliyopita, na ili masika yalijaze lazima mifereji ya paa iwe imefungwa na tangi limesimamishwa kabla ya Machi. Ndiyo maana nasema: anayetaka kuhama Agosti, aanze Februari.

Udongo huo huo ndio unaoamua habari ya msingi na choo. Msingi usiofukuliwa mpaka ukapita udongo mweusi na kufikia ardhi ngumu huzaa nyufa sakafuni katika masika ya kwanza, na shimo la choo lisilojengewa kuta za mawe hubomoka. Umeme nao uombwe mapema; mpango wa Last Mile, ulioanza 2015, ulizilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, na aliye mbali zaidi na apate jibu la maandishi kuhusu gharama ya nguzo kabla ya kuyauza majiko yake ya mkaa.

Shule yataka hadhari ya namna yake. Mtoto aliye gredi ya 6 au ya 9 hufanya mtihani wa kitaifa katika shule alikosajiliwa, na kumhamisha katikati ya mwaka ni kumtia katika mashaka yasiyo na lazima. Heri jamaa ingoje mwaka ukamilike, au mtoto akae kwa shangazi mpaka amalize. Na mzazi anayeendelea kufanya kazi jijini aipite njia hiyo kabla ya kuhama, katika saa ile ile atakayokuwa akiipita, Jumatatu yenye mvua ikiwezekana. Barabara ya Expressway iliyofunguliwa 2022 imefupisha safari kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, lakini ni ya kulipia, na baina ya Kinanie na Mlolongo malori ya Mombasa bado ndiyo yanayoamuru mwendo.

Kufunga vyombo hakuna siri kubwa. Vyombo vya udongo vifungwe kwa leso na mashuka, ambayo yangebebwa hata hivyo. Misumari na skrubu za kitanda zitiwe katika kifuko na kifuko kifungwe kwenye ubao wa kitanda chenyewe. Vyeti vya kuzaliwa, hati ya ardhi na dawa za wazee zisipande kanta kamwe. Mwenye nyumba wa zamani apewe notisi ya mwezi kwa maandishi, vyumba vipitiwe pamoja naye mchana, na deni la duka la mtaani lilipwe kabla ya kamba ya kwanza kufungwa.

Wenyeji wa Kinanie wajulishwe pia, maana mtaa wenye nyumba moja moja katikati ya nyasi hauishiki bila ujirani. Mzee wa kijiji na watu wa nyumba kumi hupenda kumjua mtu kabla hajahitaji msaada wao, na mgeni ajifunzaye salamu za Kikamba hufunguliwa milango ambayo fedha haiifungui. Walio Wakatoliki wataulizia jumuiya, na walio Waislamu, wafukizapo ubani na kusoma dua ya kuingia nyumba, wasiwasahau majirani wasio wa dini yao, maana sinia la pilau siku hiyo hutambulisha zaidi ya maneno.

Ningemshauri kila anayeweza, hata kwa kujinyima, alipe kodi ya mjini mwezi mmoja zaidi baada ya nyumba mpya kukamilika, na katika mwezi huo mmoja wa wakubwa alale Kinanie mara kadhaa na mkeka, taa na mtungi wa maji. Atagundua kuwa upepo wa jioni huupiga mlango wa mbele mpaka komeo likafunguka, kuwa matatu ya kwanza hupita mapema kuliko alivyoambiwa, kuwa nyasi nyuma ya jiko zafaa kufyekwa kwa ajili ya nyoka, na kuwa bomba la tangi linavuja tone kwa tone tangu lilipofungwa. Akirudi mjini na orodha hiyo, fundi aitwe, komeo libadilishwe, bomba likazwe, nyasi zifyekwe, ndipo mwenye kanta apigiwe simu.