Kwa nini mfanyakazi hunyamaza kikaoni

Meneja wa Kimarekani anaongoza kikao mjini Tokyo. Anaomba maoni, chumba kizima kimya. Atasema upesi kwamba watu hawa ni waoga, au kwamba huo ndio utamaduni wao. Jibu hili la pili si kosa, ila halielezi kitu.

Kwa miaka mingi wataalamu walizipima tofauti hizo kwa maadili ambayo watu wenyewe huyataja. Mholanzi Geert Hofstede alitumia madodoso zaidi ya 100,000 ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM, na kitabu alichokitoa mwaka 1980 kingali kikifundishwa katika vyuo vya biashara.

Mwanasaikolojia Masaki Yuki, wa Chuo Kikuu cha Hokkaido nchini Japani, na wenzake waliuliza jambo jingine: ni rahisi kiasi gani kwa mtu kupata marafiki au kundi jipya, na kuachana na la zamani? Utafiti wao wa mwaka 2018, katika jamii 39, ulionyesha kuwa uhuru huo ni mdogo Asia ya Mashariki na Mashariki ya Kati, na ni mkubwa Amerika ya Kaskazini na ya Kusini.

Pasipo na njia ya kuondoka, bosi uliyemuudhi leo utakuwa naye miaka ishirini. Kunyamaza basi ni hesabu, wala si woga. Penye njia, mwenzako naye aweza kukuacha, kwa hiyo hubidi umwonyeshe thamani yako na hata kumfungulia moyo. Mmarekani anayejisifu kwenye usaili, jambo linalowakera wengi wetu, hajivuni, anafanya yanayompasa.

Uhuru huo mara nyingine huwekwa na sheria. Nchini Oman, hadi mwisho wa mwaka 2020, mfanyakazi mgeni aliyetaka kuhama alihitaji hati ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa mwajiri wake. Akiikosa, ilimlazimu kukaa nje ya nchi miaka miwili. Tangu Januari 2021, aliyemaliza mkataba anaweza kuhama bila hati hiyo. Lakini ambaye mkataba wake haujaisha bado ana sababu ya kupima maneno kabla ya kumwambia bosi kwamba amekosea.