Gramafoni Inapona, Sahani Inaliwa

Ukizunguka maduka ya vitu vya kale ya Mombasa, kuanzia Ngome ya Yesu kuingia Ndia Kuu, usishangae kukutana na gramafoni ya pembe kubwa ya shaba, imesuguliwa ikang'aa, na ubavuni imebandikwa ile picha ya mbwa anayesikiliza. Ndiyo inayovuta macho, na ndiyo ambayo mtu anayeanza upenzi huu wa kununua gramafoni kuukuu na kuzifufua anapaswa kuipita bila hata kuuliza bei. Si kwamba haina sauti. Sauti inayo. Ila haikuwahi kuwa mashine moja.

Gramafoni za namna hii zimekuwa zikiundwa India kwa miaka mingi kwa ajili ya watalii na mapambo ya sebuleni. Sanduku jipya, pembe mpya, nembo mpya. Kilicho cha zamani ni mtambo wa ndani tu, nao mara nyingi umeng'olewa kwenye gramafoni halali ya mkoba iliyovunjwa kwa kazi hiyo. Kuitambua si kazi. Kiwiko kinachounga pembe na sanduku ni bomba nene lililochomelewa ovyo. Sanduku limepigiliwa vibati vya nakshi kila upande. Na mkono unaobeba sauti ukiushika unacheza huku na huku, kwa hiyo sindano haikai sawa kwenye mfuo wa sahani. Muuzaji atakuapia kuwa ilikuwa ya babu yake. Huenda babu alikuwa nayo gramafoni, lakini si hii.

Iliyoenea zaidi katika nyumba za pwani haina pembe ya kuonekana kabisa. Ni mkoba mweusi wenye kitasa na kufuli ndogo. Ukiufunua, sinia linalozunguka liko chini na pembe imefichwa ndani ya sanduku lenyewe. Kampuni ya HMV walitoa mkoba wa namba 101 mwaka 1925, kisha 102 mwaka 1931, na hii ya pili iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1950. Columbia nao walikuwa na za kwao. Haikuhitaji umeme, ilibebeka kwa mkono mmoja, ikaenda arusini, barazani, hata jahazini. Mnunuzi anayeanza aitafute hii. Vipuri vyake bado vinapatikana kwa wapenzi wenzake wa Uingereza na India, na kila kilichomo ndani kinafunguka kwa bisibisi.

Sheria haimsaidii wala haimzuii. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Gramafoni ya sahani ilibuniwa na Emile Berliner mwaka 1887, na mkoba wa HMV ukaja miongo kadhaa baada ya mpaka huo wa sheria. Kwa hiyo mgeni anaweza kuutia kwenye sanduku lake la safari akaondoka nao, na hakuna atakayemwuliza. Nasema hivi bila kulalamika sana, kwa sababu nitakayoifikia.

Tuufungue mtambo. Ndani ya kopo la chuma la mviringo kuna kamani, utepe mrefu wa chuma uliokunjwa. Mtu akitia ufunguo anaikaza, nayo inataka kufunguka yote mara moja. Kinachoituliza ni kidhibiti mwendo, nacho ndicho kitu kizuri kuliko vyote humo: kijiti chembamba kinachozunguka, chenye vizito vitatu vidogo vya risasi, kila kimoja kimefungwa kwenye kipande chembamba cha chuma kinachopinda. Kijiti kikizunguka kwa kasi, vizito vinatanuka kwenda nje na kuvuta kisahani kidogo kilicho mwishoni mwa kijiti, hadi kikagusa kipande cha ngozi. Msuguano huo ndio breki. Mwendo ukipungua, vizito vinarudi ndani na ngozi inaachia. Sinia linazunguka mara 78 kwa dakika, na linadumu hapo bila waya hata mmoja.

Karibu kila kasoro ya mwendo inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni grisi ya kamani. Iliyowekwa kiwandani imekauka ikawa lami, hivyo mikunjo ya kamani hushikana halafu huachia kwa ghafla, na unasikia kishindo ndani ya sanduku katikati ya wimbo. Dawa yake ni mafuta ya taa, kitambaa na grisi mpya, lakini kwanza kamani iachiwe ifunguke yote. Kopo likifunguliwa kamani ikiwa bado imekazwa, litakalofuata ni safari ya hospitali. Ya pili ni kile kipande cha ngozi. Kikikauka kinalia na kuguguna, na mwendo unayumba hata mwimbaji akasikika kama analewalewa. Tone moja la mafuta ya cherehani humaliza kesi. Mafundi wetu wa cherehani na wa saa, wale wazee hasa, hawana la kushangaa humu. Kamani wanaijua, meno ya gia wanayajua, na subira wanayo. Kupima mwendo weka kipande cha karatasi chini ya sahani kikichungulia ukingoni, shika saa, hesabu mizunguko 78.

Kichwa cha sauti ndicho kinachoteswa na hewa ya Mombasa. Hiki ni kile kiduara kinachoshika sindano. Mtikisiko wa sindano unapanda kwenye kiwiko kidogo hadi kwenye utando, nao utando unausukuma upepo uende kwenye pembe. Vichwa vya namba 4, vilivyokuja na mikoba mingi ya 101, vina utando wa ulanga. Vile vya 5A na 5B vya 102 vina utando wa aluminiamu ulio mwembamba mno, usiguswe kwa kidole. Mwili wa hivi vya pili ni wa mchanganyiko wa zinki. Zinki hiyo ikiwa na uchafu wa risasi ndani yake, joto na unyevu huifanya ivimbe, ipasuke na kumeguka kuanzia ndani, na kisiwani hatuna uhaba wa joto wala unyevu. Kikishaanza kupasuka hakuna fundi wa kukirudisha. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, kigeuze kichwa cha sauti, uangalie nyuma na kwenye shingo. Mbao zilizobunguliwa zinazibika, nikeli iliyobanduka inavumilika, kitambaa chenye ukungu kinabadilishwa. Zinki iliyopasuka ni ya kukuteremshia bei au kukurudisha nyumbani.

Utando umekaa kati ya mipira miwili myembamba ambayo kwa umri huu imekuwa migumu kama mfupa, ndiyo maana gramafoni nyingi zinazouzwa zina sauti ya kukwaruza. Wapenzi wa Ulaya huagiza mipira ya kipimo halisi, na wako wanaobishana hadi usiku kuhusu rangi yake. Mimi naona mpira wa valvu ya baiskeli, ule mwembamba wa zamani, ukikatwa vizuri unafanya kazi, na anayeutumia asijione mkosaji. Mkoba wa 102 ulitolewa kiwandani kwa wingi kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukiharibika mmoja wa mtaani Kibokoni, dunia haikupungukiwa.

Kinachopungua ni kile kinachowekwa juu ya sinia.

Hapa upenzi huu unaachana na jamaa zake wa mbali. Marekani wapo wanaonunua na kufufua mashine kuukuu za mchezo wa kigololi, zile za kutia sarafu zilizotengenezwa Chicago na kampuni kama Gottlieb, Bally na Williams. Mtu akiifufua mashine hiyo, anaicheza, ikilika, imejila yenyewe, na mipira au balbu zake zinaagizwa tena. Gramafoni haijili yenyewe. Inakula sahani.

Sahani ya 78 ina lakiri, utomvu wa mdudu unaovunwa India, lakini sehemu yake kubwa ni unga wa mawe. Unga huo uliwekwa kwa makusudi. Sindano ya chuma inapoingia kwenye mfuo, mawe yanainoa katika mizunguko ya mwanzo mpaka ikalingana na umbo la mfuo. Baada ya hapo sindano yenyewe imekuwa patasi. Kichwa cha sauti kinaikandamiza kwa uzito unaopita gramu 100, wakati kichwa cha umeme cha leo kinagusa kwa gramu chache tu. Ndiyo sababu vikopo vya sindano viliandikwa kwamba kila sindano itumike upande mmoja tu. Asiyeibadilisha, upande wa pili unachongwa. Anayeibadilisha kila mara naye anailisha mashine sahani, ila polepole zaidi.

Sasa tazama sahani zenyewe ni zipi. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kuirekodia HMV nyimbo za Kiswahili, na katika waliopiga na kuimba naye alikuwamo Mbaruk Effandi Talsam, mtu wa Mombasa. Wimbo ambao ukumbini ungeenda robo saa ulikatwa ukatoshea kama dakika tatu za sahani ya inchi kumi. Sahani zilipigwa chapa India na kurudi kwetu kwa meli, zikauzwa katika maduka yaleyale ya Wahindi yaliyouza gramafoni. Zilipendwa, na kwa kuwa zilipendwa zilipigwa hadi zikachakaa. Iliyobaki safi mara nyingi ni ile ambayo mwenye nyumba hakuipenda.

Kwa hiyo naukosoa mtindo wa kufufua mkoba wa HMV halafu kuufungua rasmi mbele ya wageni kwa sahani ya Siti. Ni heshima inayoonekana kwa nje tu. Kila upigaji unakwangua kitu ambacho hakichapwi tena. Zipo sahani za kulisha mashine bila majuto: nyimbo za sinema za Kihindi, maana India iliendelea kupiga chapa sahani za 78 hadi miaka ya 1960 zikabaki nyingi, na muziki wa dansi wa Kiingereza ambao Waingereza wenyewe wanaugawa bure. Sauti ya gramafoni utaionja vilevile.

Kosa jingine hutokea kwa sahani ndogo za mizunguko 45, zile za plastiki. Mombasa ilikuwa na lebo yake, Mzuri, ya duka la Assanand na Wanawe, na humo ndimo zilimotoka taarabu za Zuhura Swaleh na Maulidi Juma. Mtu anakuta sahani kama hiyo pamoja na gramafoni katika stoo moja, anadhani ni mume na mke. Sindano ya chuma ikiipita mara moja tu, mfuo wa plastiki umekwisha. Hiyo ni ya mashine ya umeme, na haina mazungumzo.

Sahani za 78 za Kiswahili nazo zipigwe kwa umeme, zinakiliwe kwenye kompyuta, kisha zipumzike. Mashine nyingi za kisasa za kuchezea sahani zina mwendo wa 78, ila sindano inayokuja nayo ni ya sahani za plastiki. Mfuo wa 78 ni mpana karibu mara tatu, kwa hiyo sindano nyembamba inazama chini kabisa na kuchota uchafu badala ya sauti. Inunuliwe sindano yake. Kabla ya kunakili, sahani ioshwe kwa maji ya kawaida yenye tone la sabuni, karatasi ya katikati isilowe, ikaushwe kivulini. Spiriti isikaribie hata kidogo, kwani lakiri inayeyuka ndani yake. Zihifadhiwe zikiwa zimesimama wima. Zikirundikwa zimelala ndani ya nyumba yenye joto letu, zinajipinda ndani ya msimu mmoja wa kaskazi.

Nyumba ya Mji wa Kale inapohamwa, warithi huitoa gramafoni mlangoni kwanza kwa sababu inaonekana ina thamani, na sahani huenda na takataka, hasa zilizo na ufa. Mnunuzi aulizie sanduku la sahani kabla ya kuutazama mkoba, na asizikatae zenye ufa. Kichwa kizito cha gramafoni kingemalizia kuivunja sahani kama hiyo. Kile chepesi cha umeme, kikishushwa taratibu, huweza kuuvuka ufa kwa mlio mdogo katika kila mzunguko, na milio hiyo inafutika baadaye kwenye kompyuta mmoja baada ya mwingine, kazi ya jioni mbili tatu kwa wimbo wa dakika tatu.