Singe ya Zamani na Maneno ya Mwuzaji

Katikati ya jiji la Dar es Salaam imesimama sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliochukua mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918. Bunduki yake imechomekwa singe, na kila mpita njia huiona. Walakini ni wachache waitambuao singe ya kweli wanapoikuta juu ya meza ya vitu vikuukuu, kati ya nyundo na spana. Hapo mwuzaji husimulia habari za shujaa fulani, naye mfanyakazi hutoa jasho lake la mwezi mzima. Ndugu msomaji, hatukukatazi kusikiliza hadithi. Twasema tu: kiulize chuma kwanza.

Tuchukue mfano wa singe ya Kiingereza ya namna ya 1907, iliyotengenezwa kwa mamilioni kwa ajili ya bunduki fupi ya Lee-Enfield. Ubapa wake una urefu wa inchi 17, yaani kiasi cha sentimita 43, na makali ni ya upande mmoja. Mpini una vipande viwili vya mbao vilivyokazwa kwa skrubu mbili. Ukiikuta fupi, usiseme mara moja kwamba ni bandia, kwa maana katika vita vya 1939 hadi 1945 nyingi zilifupishwa na jeshi huko Bara Hindi.

Kisha tazama chapa zilizopigwa juu ya ubapa karibu na mpini. Upande mmoja pana taji, herufi za mfalme, na tarakimu 1907. Wengi hudanganyika hapo, wakidhani huo ndio mwaka wa kutengenezwa, kumbe ni jina la namna tu. Mwezi na mwaka wenyewe huandikwa chini yake: 5 na 17 maana yake ni Mei 1917. Jina la kiwanda hufuata, kama vile Wilkinson, Sanderson au Chapman. Upande wa pili pana alama ya mshale iliyo kama unyayo wa kuku, nayo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Na herufi X huonyesha kwamba ubapa ulijaribiwa kwa kupindwa. Mishale miwili ikielekezana ncha, jeshi lenyewe liliiuza.

Singe za kwanza zilikuwa na kulabu chini ya kikingio cha mkono. Kulabu hiyo iliachwa mwaka 1913, na nyingi zilizokwisha kutengenezwa zilikatwa. Kwa kuwa zilizobaki nayo ni adimu na bei yake ni kubwa, wadanganyifu huichomelea. Basi ukiona singe iliyotengenezwa Uingereza ina kulabu na tarehe ya 1917, shika fedha yako. Angalia pia rangi: uzee huingia hata ndani ya herufi, na chapa ing'aayo juu ya chuma kizee ni ya juzi. Njia ya mwongo ni fupi.

Namba iliyo juu ya kitako cha mpini au kwenye kikingio ni ya kikosi na ghala lake. Hapana chapa ya kiwanda itajayo jina la mtu aliyeibeba. Jambo hili si dogo. Wachukuzi maelfu kwa maelfu walikufa katika vita vile, na wengi wao majina yao hayakuandikwa. Kariakoo yenyewe imepata jina lake kutokana na kikosi chao. Anayebuni shujaa ili apandishe bei humwibia mnunuzi, na huwadhulumu marehemu pia.

Kwa hiyo twawasihi wenye singe kama hizi nyumbani wasizipeleke kwenye jiwe la kunolea, wala wasizisugue kwa msasa, maana ushahidi wote hufutika kwa dakika chache. Kitambaa na mafuta kidogo vyatosha. Waulizeni wazee nani aliileta, kutoka wapi na mwaka gani, mkayaandike hayo na kuyaweka pamoja nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari.