Mashindano Yakija Mjini, Je, Mwenyeji Anapona?

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake ni kwamba mgeni akifika nyumba hupata neema: kuku huchinjwa, watoto hushiba, na habari za mbali husikika. Lakini kila mama anajua kuwa methali hiyo ina upande usiosemwa. Kabla mwenyeji hajapona, kuna mtu aliyeamka alfajiri kuteka maji, kuwasha moto, kufua mashuka na kuwahamishia watoto kwenye mkeka. Mtu huyo aghalabu ni mama.

Sasa, mama mpendwa, fikiri kwamba mgeni si mmoja bali ni maelfu. Nao hawakuja nyumbani kwako; wamekuja mjini kwenu kwa ajili ya mashindano ya michezo.

Jambo hili si la mbali tena. Juni 2019, na tena Juni 2021, Mtwara ilipokea UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya wanafunzi wa shule za msingi na sekondari kutoka mikoa ya Tanzania Bara. Timu zinazotoka Songea na Tunduru kwenda Mtwara hupita hapa hapa Masasi. Majirani zetu wa Ruangwa nao, tangu timu ya Namungo ilipoingia Ligi Kuu katika msimu wa 2019/20, wamejua maana ya kupokea Simba na Yanga katika mji mdogo. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga ilichezwa Kigoma, mwisho wa reli. Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalifunguliwa Dar es Salaam katika uwanja wenye jina la mwana wa Lupaso, hayati Benjamin Mkapa. Na mwaka 2023 Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika liliipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa fainali za AFCON za mwaka 2027.

Michezo ni mizuri. Huwapa vijana afya na nidhamu, na huleta fedha kwa wenye vyakula na nyumba za kulala wageni. Simwiti mtu aikatae. Nataka tutazame mzigo wake unaangukia wapi, ili tuugawane mapema.

Maji ndiyo ya kwanza

Jirani zetu wa uwanda wa Makonde wanalijua tatizo hili kuliko wengi. Mchanga wa kule juu hunywa mvua yote, na mito hakuna. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni kupandishwa Newala na vijiji vyake, na nyumba nyingi hukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati na kuyahifadhi ardhini.

Mji wa namna hiyo ukipata wageni wengi kwa mpigo, nyumba za kulala wageni na migahawa hununua maji kwa wingi, na bei ya ndoo hupanda. Mwenye nyumba ya wageni atairudisha gharama hiyo kwa mteja wake. Mama mwenye watoto watano atairudisha kwa nani? Atapunguza maji ya kunawa mikono na ya kuosha vyombo, na hapo ndipo kuhara kunapoingia nyumbani. Baada ya mikusanyiko mikubwa, sisi wauguzi huwa tunawatazamia watoto wa kuhara.

Hivyo jaza madumu na mapipa yako siku kadhaa kabla, na uyafunike. Chemsha maji ya kunywa. Weka nyumbani pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na kama zahanati ina vidonge vya zinki, uliza namna ya kuvitumia kwa mtoto anayeharisha.

Njia ya kwenda hospitali

Siku ya mechi kubwa barabara hufungwa, misafara ya viongozi hupita, daladala hubadili njia na bodaboda hupandisha nauli. Kwa mwenye afya huo ni usumbufu tu, lakini kwa mama mwenye uchungu ni hatari. Nakumbuka mjamzito mmoja aliyeletwa kwa bodaboda kutoka kijijini siku ambayo mji ulikuwa na sherehe kubwa. Walizuiwa njiani karibu saa nzima, na alijifungulia kando ya barabara, mikononi mwa wanawake wapita njia. Mama na mtoto walipona, lakini alikuwa amepoteza damu nyingi. Kama angechelewa kidogo zaidi, ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Mama ambaye siku zake zimekaribia asisubiri siku hiyo imkute mbali. Aende mapema kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au katika nyumba ya mama ngojea pale ilipo. Wenye dawa za kila siku, yaani za shinikizo la damu, kisukari, kifafa, kifua kikuu na za kupunguza makali ya UKIMWI, wachukue dawa zao kabla ya wiki ya mashindano. Na ikiwa familia inakwenda uwanjani, msiingie katika msukumano wa getini mkiwa na watoto wadogo. Tarehe 28 Mei 2023 mtu mmoja alifariki na wengine wakaumia katika msongamano Uwanja wa Mkapa, Yanga ilipocheza na USM Alger.

Mabinti zetu

Jambo hili linahitaji kusemwa wazi. Mji ukijaa watu wasiojuana, kukiwa na muziki, pombe na fedha mkononi, wapo watu wazima wanaowatafuta watoto. Binti anatumwa kuuza karanga au maji jioni, na anarudi na zawadi asiyoweza kuieleza. Miezi mitatu baadaye analetwa kliniki.

Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inahesabu kuwa ni ubakaji mwanamume anapomwingilia msichana asiye mkewe aliye chini ya miaka 18, hata kama msichana amesema amekubali. Mweleze binti yako hivyo, na kijana wako pia. Msimtume mtoto kufanya biashara peke yake usiku. Likitokea baya, usimpige wala usimfiche. Mpeleke kituo cha afya upesi, kabla hajaoga wala kubadili nguo, kwani dawa za kumkinga asiambukizwe virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya saa 72 tu, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Ipo pia namba 116, ambayo hupigwa bure kuomba msaada wa mtoto.

Meza ya mama lishe

Mara nyingi jambo la kwanza linalofanywa ili mji upendeze ni kuwaondoa wauzaji wadogo kando ya njia. Mama lishe aliyesomesha watoto kwa wali na maharage anaambiwa aondoke, halafu chakula cha wageni kinapewa mzabuni kutoka mbali. Hayo yametokea hata katika nchi kubwa. Kombe la Dunia lilipofanyika Afrika Kusini mwaka 2010, wauzaji wa barabarani, wengi wao wanawake, walizuiwa kufanya biashara karibu na viwanja.

Lakini sikieni yaliyotokea Brazil. Katika mji wa Salvador kuna wanawake wanaouza acarajé, yaani bajia za kunde zinazokaangwa kwa mafuta ya mawese, chakula walichorithi kwa mabibi zao waliotoka Afrika. Kombe la Dunia la mwaka 2014 lilipokaribia, walielewa kwamba hawataruhusiwa kuuza uwanjani. Hawakurusha mawe. Walikuwa na chama chao, wakakusanya saini, wakaenda mbele ya wakubwa wakiwa wamevaa mavazi yao meupe. Mwishowe baadhi yao waliruhusiwa kuuza katika uwanja huo. Siri yao ni kwamba walikuwa wamejiunga katika chama, na walisema mapema, wakati kulikuwa bado na jambo la kubadilishwa.

Tuulize kabla ya filimbi

Kamati za mapokezi huundwa miezi kabla ya wageni kufika. Humo huzungumziwa viwanja, magari, bendera na chakula cha viongozi. Akina mama wakikosekana humo, hakuna atakayekumbuka ndoo ya maji. Hivyo wanawake wa jumuiya, wa vikundi vya kuweka na kukopa, na wa vyama vya kanisa wamtume mwenzao mmoja kwa mtendaji wa kata au halmashauri akaulize haya:

Ni njia ipi itaachwa wazi saa zote kwa wagonjwa na wajawazito, na nani ameagizwa kuilinda?

Maji ya mitaa yatatoka siku zipi, na vyoo vya wageni vitakuwa wapi?

Akina mama lishe wa hapa watapewa eneo gani la kuuzia?

Kama wageni watalala mashuleni, masomo ya watoto yatafidiwa lini?

Nani atakuwa zamu kupokea taarifa ya mtoto aliyepotea au kudhuriwa?

Maswali haya hayana ugomvi ndani yake, na kiongozi mwema atashukuru kuulizwa.

Nyumbani nako, kaa na mzee wa nyumba kabla ya wiki hiyo. Mpange fedha za chakula, za maji na za dharura ziwekwe kando, zisiguswe kwa pombe wala kwa kubeti. Mzungumze kwa upole, mkiwa wawili tu, wala si mbele ya marafiki zake waliovaa jezi. Akina baba wengi hawakatai kusaidia. Hawajawahi kuelezwa ndoo ngapi hutumika nyumbani kwa siku. Mpe pia kazi. Achote maji, awapeleke watoto uwanjani na kuwarudisha kabla ya giza.

Katika Injili ya Luka sura ya 10 tunasoma habari za Martha, aliyempokea Bwana nyumbani kwake akasumbuliwa na kazi nyingi. Wengi tumemlaumu Martha. Mimi humwona kama mama aliyeachwa peke yake jikoni, akathubutu kusema. Bwana hakumfukuza, alimsikiliza, akamjibu kwa upendo akimtaja kwa jina lake. Nasi tuwapokee wageni wetu kwa moyo mweupe, tushangilie timu zetu pamoja na watoto wetu, na tuseme mapema tunapohitaji mkono wa kusaidiwa.